Mkebe wa Vipande
Somo: Yeremia 18:1-6

Asubuhi hii tuna habari za injini ya dizeli yenye urefu wa shubiri moja hivi.

Sisi wa kikundi cha kazi za mikono kanisani tulitaka kuunda mfano wa injini ya daraja la 93, ambayo General Electric ya Marekani iliiundia reli ya Kenya katika miaka ya 1970. Dukani hatukuipata. Basi tukafanya wafanyavyo mafundi wa mifano: tulinunua mifano miwili mikuukuu ya injini za Kimarekani, mmoja tutoe mota na magurudumu, wa pili tutoe bodi, kisha tukate na kuunganisha.

Magurudumu ndiyo yaliyotutia adabu. Katika kipimo cha 1 kwa 87, mifano hiyo hupita juu ya reli ya upana wa milimita 16.5, mfano wa reli ya milimita 1435 kama ile ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Injini yetu ni ya reli ya zamani, ya milimita 1000, na mfano wake hutaka milimita 12 tu. Ilitubidi kusukuma kila gurudumu ndani kwenye ekseli yake, kidogo kidogo, huku tukipima, kwa maana moja likikaa upande injini yote huanguka.

Ndipo tukaharibu bodi. Msumeno ulipita upande usiofaa wa mstari, ukala dirisha la dereva. Tulikuwa karibu kuitupa, mmoja wetu akakumbuka mkebe wa biskuti uliokuwa kabatini. Kijana mmoja wa kikundi alikuwa akiweka humo kila kipande tulichokata, nasi tulimcheka. Tukapekua, tukaona ubavu wenye dirisha, wa mfano uliovunjika zamani. Tuliupiga msasa, tukautia gundi, tukaziba nyufa kwa puti. Ukashika.

Tulipaswa kufurahi, lakini tulinyamaza. Mwenye mkebe hakuwapo. Mwaka jana fedha za kikundi zilipungua mikononi mwake. Alikiri, akalipa zote, na hata hivyo tulimwambia asirudi.

Jioni ile somo letu lilikuwa la mfinyanzi ambaye chombo kilimharibikia mkononi, naye akaufinyanga tena udongo ule ule. Mzee wetu mmoja akauliza: "Mkebe wake tumeuweka. Yeye je?" Hakuna aliyejibu. Wengine wetu hata sasa wanaona ni mapema mno.

Alhamisi wawili wetu tulikwenda kwao. Alikuwa hajarudi kazini. Mama yake alitupa chai, wala hakutuuliza tulichofuata. Tulimwachia injini mezani, bila rangi, puti ikionekana wazi, na ufunguo wa kabati kando yake. Tunakutana Jumamosi saa nane. Mtuombee.