Mlango Uko Wazi, Mbona Hawaingii? Funzo la Upinzani wa Japani



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya vyama vya siasa katika nchi ya Japani. Tunajua wako watakaouliza: Japani ina nini cha kutufunza sisi? Jibu letu ni kwamba wengi wetu huamini kuwa vyama vingi vikisharuhusiwa kisheria, kazi imekwisha. Japani inatuonyesha kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Katiba ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1947 ilimhakikishia raia uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kuabudu. Wapinzani waligombea, magazeti yaliandika, kura zilipigwa kwa siri. Hata hivyo, chama kimoja, Chama cha Kiliberali na Demokrasia, ambacho tutakiita LDP kama dunia inavyokiita, kilishika serikali tangu Novemba 1955 hadi Agosti 1993. Ni miaka 38 mfululizo. Hivyo swali letu si nani aliyeufunga mlango, kwa maana mlango ulikuwa wazi. Swali ni hili: ni nini kilichomzuia mpinzani kuingia?

Tuanze na mwaka 1955 wenyewe. Mwezi wa Oktoba, mabawa mawili ya Chama cha Kisoshalisti, la kushoto na la kulia, yaliungana baada ya kutengana kwa miaka minne. Wenye mali walipouona umoja huo waliingiwa na hofu, wakavihimiza vyama viwili vya kihafidhina navyo viungane. Mwezi uliofuata LDP ikazaliwa. Tangu hapo waliounganishwa na hofu walidumu pamoja, na waliounganishwa na imani wakatengana. Mwanzoni mwa mwaka 1960 baadhi ya Wasoshalisti walijitenga wakaunda chama chao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mwenyekiti wa Wasoshalisti, Asanuma Inejiro, aliuawa kwa upanga na kijana wa miaka 17 akiwa jukwaani anahutubia mjini Tokyo. Mwaka 1964 chama cha Komeito kiliingia uwanjani, nacho chama cha Kikomunisti kilikuwapo tangu zamani. Kura za wasioridhika zikawa zinagawanywa mafungu manne.

Lakini mgawanyiko peke yake haukueleza yote. Mwaka 1958 Wasoshalisti walisimamisha wagombea 246 katika bunge la viti 467, wakapata viti 166. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwao kusimamisha wagombea wa kutosha kupata wingi bungeni. Katika chaguzi zote zilizofuata, hata kama kila mgombea wao angeshinda, wasingeweza kuunda serikali peke yao. Tafadhali litafakarini jambo hili. Chama kikuu cha upinzani kilikwenda kwa wananchi mwaka baada ya mwaka kikiomba kura, huku kimekwisha kuamua moyoni kwamba hakitatawala.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mfumo wa uchaguzi. Wakati huo majimbo mengi yalichagua wabunge watatu, wanne au watano. Chama kikisimamisha wagombea wawili katika jimbo moja, waligawana kura na pengine wote wawili wakaanguka. Mbunge aliyekuwa na kiti chake aliona heri awe peke yake, na chama kikamsikiliza yeye badala ya kusikiliza haja ya taifa. Ya pili ni kuridhika. Kuibadilisha katiba kulihitaji theluthi mbili za kila baraza la bunge. Wasoshalisti waliona kwamba wakiwa na theluthi moja tu, wanatosha kukilinda kifungu cha 9 kinachokataa vita. Kazi hiyo waliifanya, na ilikuwa kazi ya heshima. Lakini mlinzi wa lango si mwenye nyumba. Mwananchi aliyetaka bei nafuu, nyumba bora na serikali isiyokula rushwa hakujibiwa na theluthi moja ya viti.

Wakati huo LDP ilikuwa vijijini. Kila mbunge wake alikuwa na kikundi cha kumuunga mkono, kinachoitwa koenkai kwa Kijapani. Kikundi hicho kilihudhuria arusi na matanga, kikapeleka maombi ya barabara na daraja, kikamjua mkulima kwa jina lake. Fedha nyingi zilipita humo, na uchafu ulikuwa mwingi. Mwaka 1976 aliyekuwa waziri mkuu, Tanaka Kakuei, alikamatwa katika kashfa ya rushwa ya ndege za kampuni ya Lockheed. Hata hivyo watu wa jimbo lake waliendelea kumchagua. Walimwona kama mtu aliyewafikishia barabara na reli, ilhali wapinzani wengi walitegemea vyama vya wafanyakazi wa mijini na hawakuwa na mizizi mashambani.

Tusiwadharau, ndugu zetu. Upinzani huo dhaifu ulifanya mambo. Mwaka 1967 Minobe Ryokichi, akiungwa mkono na Wasoshalisti na Wakomunisti, alichaguliwa gavana wa Tokyo. Mwaka 1969 jiji hilo likaanza kuwatibu wazee bila malipo, na ilipofika mwaka 1973 serikali kuu ikalazimika kufanya vivyo hivyo nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria 14 kwa mkupuo mmoja dhidi ya uchafuzi wa hewa na maji, kwa sababu wananchi waliougua na majirani zao walikuwa wamepiga kelele mahakamani na barabarani. LDP ilikuwa hodari wa kuchukua hoja ya mpinzani na kuifanya yake. Mpinzani alilima, mwingine akavuna. Lakini mgonjwa alitibiwa.

Mwaka 1989 ulileta matumaini makubwa. Wananchi walichukizwa na kodi mpya ya matumizi ya asilimia 3 na kashfa ya hisa za kampuni ya Recruit. Wasoshalisti wakiongozwa na Doi Takako, mwanamke wa kwanza kukiongoza chama hicho, waliinyang'anya LDP wingi katika Baraza la Juu. Lakini katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi wa mwaka 1990, wagombea wao hawakufika hata theluthi moja ya viti 512. Walipata viti 136. Upepo ulivuma, lakini tanga lilikuwa dogo.

LDP ilipoanguka mwaka 1993 haikuangushwa na wapinzani wake wa zamani, bali na wabunge wake wenyewe waliojitoa. Makundi manane yaliungana chini ya Hosokawa Morihiro. Yalifanya jambo moja kubwa: Januari 1994 yalipitisha sheria mpya ya uchaguzi. Kisha yakagombana. Juni 1994 LDP ilirudi serikalini, na iliyembeba mgongoni ni Chama cha Kisoshalisti! Kiongozi wao, Murayama Tomiichi, akawa waziri mkuu, na papo hapo akayakubali majeshi ya ulinzi na mkataba wa usalama na Marekani, mambo ambayo chama chake kilikuwa kimeyapinga kwa miongo minne. Mwaka 1996 chama hicho, kwa jina jipya, kilipata viti 15. Kilikuwa kimepata cheo, lakini kimepoteza wanachama wake.

Sheria mpya nayo ilikuwa na makali yake. Viti 300 sasa vilikuwa vya jimbo moja mbunge mmoja, na hapo anayegawanyika huadhibiwa bila huruma. Ilichukua miaka mingi ya kuunda na kuvunja vyama kabla Chama cha Kidemokrasia cha Japani hakijashinda, tarehe 30 Agosti 2009, kwa viti 308 kati ya 480. Shangwe ilikuwa kubwa. Lakini waziri mkuu Hatoyama Yukio alikuwa ameahidi kuihamisha kambi ya Marekani ya Futenma nje ya kisiwa cha Okinawa, bila kujua itakwenda wapi. Alishindwa, akajiuzulu Juni 2010. Mwaka 2011 likaja tetemeko la Machi 11 na balaa la kinu cha nyuklia cha Fukushima. Mwaka 2012 serikali ya Noda Yoshihiko ilipitisha sheria ya kupandisha kodi ya matumizi, jambo ambalo halikuwa katika ahadi zao za uchaguzi, na chama kikapasuka.

Desemba 2012 kilibaki na viti 57. Katika majimbo ya mbunge mmoja, LDP ilipata asilimia 43 tu ya kura, lakini ikachukua viti 237 kati ya 300. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wakenya wanaoukumbuka uchaguzi wa Desemba 1992 hawahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Tena tazameni Novemba 2024. Katika uchaguzi wa Oktoba, LDP na mshirika wake Komeito walipoteza wingi bungeni kwa sababu ya kashfa ya fedha za siri. Ilipofika duru ya pili ya kumchagua waziri mkuu, Ishiba Shigeru alipata kura 221, Noda wa upinzani kura 160, na kura 84 zikaharibika kwa kuwa wabunge wa vyama vingine waliandika majina yasiyokuwamo katika duru hiyo. Kura 160 na 84 ni 244, nazo ni zaidi ya nusu ya viti 465. Aliyeshindwa katika uchaguzi akatawala, kwa sababu walioshinda hawakukubaliana.

Ndugu zetu, tunajifunza nini? Kwanza, chama kisichojiandaa kutawala hakiwezi kumlaumu mwananchi kwa kutokichagua. Pili, muungano uandikwe kabla ya ushindi, useme nani atafanya nini na lini; tusingojee kugawana vyeo. Tatu, ahadi ipimwe kabla ya kutamkwa, maana ahadi moja iliyovunjika humfanya mtu akae nyumbani siku ya kura: mwaka 2009 walipiga kura takriban asilimia 69 ya Wajapani walioandikishwa, na mwaka 2014 asilimia 53 tu. Nne, mizizi hushushwa matangani, sokoni na shambani, miaka kabla ya uchaguzi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Uhuru wa kushindana ni mbao tu. Chombo bado tunatakiwa kukiunda sisi wenyewe, na kukiunda pamoja.