Mimba Zinazoharibika Bila Sababu

Msikilizaji, mimba ikiharibika mara tatu na daktari asione sababu, wengi hushauriwa wakapandikizwe kiinitete kilichotungishwa maabara (IVF). Tujiulize kwanza: inasaidia? Upandikizaji ni tiba ya asiyeshika mimba. Mama anayeharibikiwa na mimba anaishika, ila haidumu. Takriban nusu ya wenye tatizo hili hawaambiwi chanzo, na wengi wao baadaye hujifungua salama bila tiba hiyo.

Kwa upande wa pili, umri hausubiri, na maabara huweza kukagua kromosomu za kiinitete kabla ya kukipandikiza. Lakini gharama ni mamilioni ya shilingi, aghalabu kutoka mfukoni.

Kabla ya kuuza shamba, je, damu, tezi ya shingo na mji wa mimba vimepimwa, na mume naye?