Gari Likikataa Kuwaka Asubuhi
Asubuhi za Pwani si za Limuru. Gari likikataa kuwaka, baridi haina hatia. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, na hizo ni pesa za karo. Mwenye gari aangalie kwanza vichwa vya betri: asidi na upepo wa chumvi huvila, vikaota unga mweupe au wa kijani. Afungue waya wa hasi kwanza, asafishe, akaze. Betri nzima iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Stata ikizunguka kwa nguvu bila injini kushika, shida itafutwe kwenye petroli au cheche. Injini ikishika lakini ikawa inatetemeka gari likiwa limesimama, kisha ikatulia ikiongezwa mafuta, huenda mpira wa hewa umepasuka. Fundi aukague huo kabla ya kuuza plagi.