Faili la Ngapi Leo? Kuwalea Madaktari Watafiti Mkoani Kagera
Mhadhara wa umma, Kitendaguro, Bukoba



Kiswahili kimewapa watu wawili jina moja. Anayetibu ni daktari. Aliyetetea tasnifu ya uzamivu naye ni daktari. Leo namzungumzia aliye vyote viwili, tabibu anayetafiti. Dai langu ni hili: ada na tiketi ya ndege hazitoshi kumtengeneza mtu huyo. Anahitaji swali lililotoka kwao, na anahitaji watu wa kukaa naye mpaka amalize.

Ushahidi wangu mnao wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Wazee mnakumbuka watu walivyouita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Mnakumbuka na vibanja vilivyobaki na bibi na wajukuu. Umeenea kiasi gani, hakuna aliyeweza kusema, maana hospitali humjua yule tu aliyefika mlangoni. Ndipo mwaka 1987 Mradi wa Utafiti wa UKIMWI Kagera, wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Umeå, kwa msaada wa Sweden, ukaenda kuwapima watu majumbani kwao. Bukoba Mjini, kati ya watu wa miaka 15 hadi 54, asilimia 24.2 walikutwa na virusi. Karibu mtu mmoja katika kila wanne! Muleba ilikuwa kama asilimia 10.

Sasa tazameni ni nani walioikuza kazi ile. Japhet Killewo alipata uzamivu Umeå mwaka 1994 kwa tasnifu iliyoitazama Kagera. Gideon Kwesigabo akafuata mwaka 2001, naye akiwa amefuatilia mwenendo wa maambukizi ya Kagera tangu 1987 hadi 2000. Masomo ya namna hii huenda nusu huku nusu kule: miezi kadhaa mwanafunzi yuko Sweden na msimamizi wake, anachambua na kuandika, kisha anarudi kwenye kazi yake na watu wake. Kwa hiyo palikuwa na wa kurudi kupima tena. Bukoba Mjini maambukizi yakaonekana kushuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993, na 13.3 mwaka 1996. Mimi naithamini zaidi ile hesabu ya pili na ya tatu. Ya kwanza hata mgeni wa wiki sita angeweza kuipata. Zilizofuata zilimtaka mtu ambaye hajaondoka.

Niruhusuni niseme kidogo ya kwangu. Tasnifu yangu niliiandika nikiwa daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya. Sura ya tatu niliirudia mara nne kwenye meza ya chumba cha zamu. Rasimu moja ninayo bado, ina alama ya kidole ya rangi ya ayodini: niliitwa usiku kumpasua mama aliyekwama uchungu, nikarudi alfajiri na kushika karatasi kabla sijanawa vizuri. Msimamizi wangu alikaa miezi saba bila kunijibu. Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Aliyenizuia ni mama mtunza kumbukumbu wa hospitali, ambaye kila Ijumaa alinitolea majalada ya wagonjwa, akayapangusa vumbi kwa khanga, akaniuliza: "Dokta, leo tumefika faili la ngapi?" Alisema *tumefika*. Jina lake liko kwenye ukurasa wa shukrani, na bado naona nilimpunja.

Mkoa wetu haujaacha kuuliza maswali. Muleba ilifanyiwa jaribio la vyandarua vyenye kiambato kinachomnyima mbu uwezo wa kuihimili dawa, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa maeneo yenye mbu sugu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ukatangazwa Bukoba Vijijini: waliougua 9, waliofariki 6, na wahudumu wa afya wawili walikuwa miongoni mwa wagonjwa. Daktari kijana anayeona homa asiyoielewa wodini anastahili kuwa na mahali pa kuipeleka kama swali.

Kwa hiyo nina maombi, na nayasema mbele ya wenye uwezo wa kuyatekeleza. Daktari aliyesajiliwa kwa uzamivu apewe siku moja kwa wiki isiyo na zamu, iandikwe kwenye ratiba ya zamu, isiwe hisani ya mganga mfawidhi. Awe na wasimamizi wawili, mmoja akiwa karibu kiasi cha kufikiwa kwa basi. Na kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetuletea kampasi hapa jirani, Itahwa, naomba chumba kimoja tu: meza, umeme, intaneti, na mtakwimu anayepatikana Alhamisi mchana. Daktari wa hospitali ya Rubya au Ndolage apande gari asubuhi na daftari lake la wodi, na jioni awe amesharudi kwa wagonjwa wake. Ufunguo wa chumba hicho apewe mtunza kumbukumbu.