Mama, usingoje: mtoto huyu hana laana

Neno letu liko katika Yohana 9, mstari wa 1 hadi wa 7.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa ulizo hilo. Sisi tungali tunaliuliza. Mtoto akizaliwa na kidonda mgongoni, au kichwa chake kikijaa maji, tunanong'ona: ni laana, ni uchawi.

Wapendwa, tutubu. Katika kanisa letu mama mmoja alituletea mtoto wa miezi mitatu. Tulimwekea mikono, tukamwambia mama afunge na angoje. Alingoja miezi mitano. Leo mtoto yuko hai, lakini haoni. Kuomba hatukukosa. Tulikosa kumwambia angoje.

Ubongo wa kila mtu hutengeneza maji na kuyatoa kila siku. Njia ikiziba, maji hujaa na kuukandamiza ubongo. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine huugua baada ya ambukizo la siku za kwanza. Hospitali ya watoto ya CURE, kule Mbale, Uganda, ilifunguliwa mwaka wa 2001. Huko Daktari Benjamin Warf aliwafungulia watoto njia ndogo ndani ya ubongo, maji yapite bila mpira. Wengine hutiwa mpira mwembamba chini ya ngozi, toka kichwani hadi tumboni. Huo unaweza kuziba, kwa hiyo mtoto arudishwe kupimwa. Hata hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, hospitali ya HEAL Africa, Goma, imewapasua watoto wa namna hii.

Mama, angalia: kichwa kinakua upesi, utosi umevimba, mtoto anatapika, macho yanaelekea chini. Ukiona hayo, fika kituo cha afya leo, wapime kichwa kwa kamba na kukuandikia barua ya kwenda hospitali. Upasuaji hauwezi kurudisha yote yaliyokwisha kuharibika. Ndiyo maana hatungoji.

Yesu alimpaka yule kipofu tope, kisha akamtuma kunawa Siloamu. Alitii, akaenda kwa miguu yake akiwa bado haoni, akarudi anaona. Nawe uende, sisi tutaomba ungali njiani. Nanyi wazee wa kanisa, Jumapili hii sadaka ya kwanza iwe nauli ya mama huyo.

Amina.