Kusafisha Rejeta Kuukuu za Nyumbani: Hatari Iliyofichwa Katika Rangi



Kila dereva wa lori aijua rejeta. Kazi yake ni kuiondolea injini joto lisije likaiharibu. Lakini katika nchi za baridi iko rejeta ya namna nyingine, isimamayo ndani ya nyumba, aghalabu chini ya dirisha, na kazi yake ni kuwapa watu joto wakati wa theluji. Watu wa Afrika ya Mashariki waliokwenda kusoma au kufanya kazi London, Boston au Minneapolis huweza kupanga katika nyumba zilizojengwa miaka 100 iliyopita, na humo huzikuta rejeta kuukuu za chuma. Mtu mwenye bidii akiona vumbi na rangi iliyobambuka hushika msasa mara moja akaanza kusugua. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana rangi ile huenda imetiwa sumu, na atakayedhurika kwanza ni mtoto wake.

Nguvu ya rejeta na ubaya wa vumbi

Rejeta ya kale imetengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni vipande vyenye uwazi ndani, vilivyounganishwa vikasimama bega kwa bega kama safu ya nguzo. Watu wengi humtaja Franz San Galli, mwenye kiwanda katika mji wa St. Petersburg, Urusi, kuwa ndiye aliyeibuni katika miaka ya 1850. Maji hutiwa moto katika tangi maalum, kisha hupita katika mabomba mpaka kila chumba. Katika nyumba nyingi za kale za Marekani kipitacho si maji, bali mvuke.

Chuma kikishika moto, hewa iliyo kati ya nguzo hupata joto na kupanda juu, na hewa ya baridi huingia kutoka chini kuchukua mahali pake. Hivyo chumba chote huwa na joto. Vumbi, nywele na utando wa buibui vikijaa katikati, njia ya hewa huzibwa, na mwenye nyumba hulipia moto asioupata. Tena siku ya kwanza ya baridi vumbi hilo hutoa harufu ya kuungua. Kwa hiyo kuisafisha rejeta kila mwaka kabla ya majira ya baridi ni jambo la faida.

Sumu ya risasi

Zamani mafundi walitia katika rangi madini ya risasi, ambayo hutumiwa pia katika betri za magari, ili rangi ikauke upesi na kudumu. Marekani ilikataza rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na Uingereza ilikataza kuuzwa kwake kwa watu wote mwaka 1992. Basi rejeta yo yote iliyopakwa rangi kabla ya miaka hiyo yafaa kushukiwa, hata kama juu yake imepakwa rangi mpya.

Rangi ikiwa nzima, madhara yake ni machache. Ubaya huanza inapobambuka, au inapokwaruzwa ikawa vumbi. Vumbi huanguka sakafuni, mtoto atambaaye hulipata mikononi, na mikono huingia kinywani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, ikapunguza uwezo wake wa kujifunza na kutulia. Huingia haba na haba, na mara nyingi hakuna dalili mpaka madhara yamekwisha kuingia. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Mama mwenye mimba naye yampasa kujihadhari, kwa kuwa risasi iliyo mwilini mwake humfikia mtoto aliye tumboni.

Watu wa Kenya si wageni wa jambo hili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia. Madini yaliyowadhuru watu wale ndiyo hayo hayo yaliyofichwa katika rangi ya nyumba nyingi za kale za ng’ambo.

Namna ya kusafisha

Kwanza, rangi ipimwe. Viko vipimo vidogo viuzwavyo madukani, lakini njia ya hakika zaidi ni kupeleka kipande cha rangi iliyobambuka kwa wapimaji wenye ujuzi. Ikiwa haijapimwa, ichukuliwe kuwa ina risasi.

Pili, watoto na mama wenye mimba waondoke chumbani. Moto uzimwe, na rejeta iachwe mpaka ipoe kabisa, kwa maana chuma kizito hukawia kupoa na huweza kuunguza mkono.

Tatu, mazulia na mapazia yaondolewe, na karatasi ya nailoni itandazwe chini. Nyuma ya rejeta, mbele ya ukuta, itundikwe nguo kuukuu yenye unyevu, ipate kunasa vumbi lirukalo.

Nne, vumbi liondolewe kwa unyevu, si kwa kupuliza wala kufagia likiwa kavu. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kifungwe katika fimbo nyembamba, kisha kipitishwe kati ya kila nguzo, kuanzia juu mpaka chini. Kitambaa kisuuzwe mara kwa mara, na maji yakiwa machafu yabadilishwe. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi isitumiwe mahali penye risasi, kwa sababu hunasa vumbi kubwa na kulirudisha hewani lile jembamba, ambalo ndilo baya zaidi.

Tano, rejeta ifutwe kwa maji safi, kisha ikaushwe pale pale, kwa kuwa chuma hiki kikiachwa na maji huota kutu. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Vitambaa vifungwe katika mfuko na kutupwa. Aliyefanya kazi anawe mikono na uso kabla ya kula au kumshika mtoto, na nguo zake zifuliwe mbali na nguo nyingine.

Mambo ya kumwachia fundi

Rangi ikiwa imebambuka, isikwaruzwe ikiwa kavu, wala isichomwe kwa moto, kwa maana moto huigeuza risasi kuwa moshi uingiao mapafuni. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa. Katika Marekani, tangu mwaka 2010, fundi alipwaye kuharibu rangi katika nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 hana budi kuwa na cheti. Tena sheria ya huko humlazimisha mwenye nyumba ya namna hiyo kumwambia mpangaji, kabla ya mkataba kutiwa sahihi, habari zo zote za risasi anazozijua. Mpangaji asione haya kuuliza, kwani kuuliza ni haki yake.

Rejeta isijaribiwe kung’olewa na mtu mmoja. Kubwa huweza kupita kilo 100, nayo ikianguka huvunja mguu na bomba pamoja. Rejeta ya maji ikiwa na joto chini na baridi juu, imeingiwa na hewa, nayo hutolewa kwa ufunguo mdogo. Lakini ikiwa na joto juu na baridi chini, huenda matope meusi ya kutu yametuama ndani, na fundi yafaa aitwe ayasukume kwa maji. Na aipakaye upya baada ya fundi kumaliza asichague rangi ya fedha yenye unga wa alumini, kwa kuwa hupunguza joto litokalo.

Neno la mwisho

Wazazi walioko Machakos, Kisumu au Lamu huenda wasizione rejeta hizi maisha yao yote. Lakini wana na binti zao walioko ng’ambo wamezaa, na wajukuu wanatambaa katika sakafu za nyumba hizo. Basi mtu apigapo simu kuuliza hali ya mtoto na hali ya baridi, na aulize pia habari za rangi. Damu ya mtoto huweza kupimwa na daktari, na mzazi mwenye shaka asikawie kumpeleka. Vumbi la rejeta hufutika kwa kitambaa chenye maji, lakini madhara ya risasi katika ubongo wa mtoto hayana dawa ya kuyafuta.