Mashine Ihesabu, Binadamu Aangalie



Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wenye viti vipatavyo 60,000, ulianzishiwa matumizi ya tiketi za kielektroniki zinazokaguliwa na mashine mlangoni. Hatua hiyo hulinda mapato, nayo inastahili pongezi. Lakini tusijidanganye kwamba mashine imetuondolea wajibu.

Tukumbuke yaliyotokea Uingereza tarehe 15 Aprili, 1989, katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Milango ya chuma ya kuzungusha ilihesabu watu wote walioingia upande ule, wala haikuonyesha wangapi wamo katika kila kizimba. Msongamano ulipozidi nje, polisi waliamuru lango la pembeni lifunguliwe. Watu wapatao 2,000 wakapita bila kuhesabiwa, wengi wakaelekea vizimba vya katikati vilivyokwisha kujaa. Watu 97 walipoteza maisha. Watazamaji walilaumiwa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2016 uchunguzi wa mahakama ulipothibitisha kuwa hawakuwa na kosa.

Fundisho ni wazi. Lango hujua idadi, halijui hatari. Kila panapowekwa mashine, pawepo mtumishi anayesoma hesabu hiyo, mwenye madaraka ya kusimamisha uingiaji. Walimu wawazoeze vijana kupanga foleni. Nasi watumishi tuache kuwapitisha jamaa zetu mlango wa uani, kwani asiyehesabiwa hawezi kulindwa.